Jinsi ya Kuwa Meneja Hodari wa Wahandisi Bila Kuchafua Buti

Vuta kiti na ufunge mlango, maana haya hayafundishwi kwenye semina za hoteli za Naivasha.

Unataka kuajiri meneja hodari wa wahandisi, au unataka kuwa yeye. Yote mawili ni mepesi mradi uchague mahali, na mahali penyewe ni Isinya. Kwanza, Isinya kuna kazi. Nyaya za kilovolti 400 zinatoka upande wa Mombasa, nyingine zinakuja kutoka Suswa, na tangu mwisho wa 2024 ziko zinazopeleka na kuleta umeme kupitia Namanga na Arusha hadi Singida, Tanzania, zaidi ya kilomita 500. Zote hizo hukutana katika kituo kimoja cha umeme pale kwenye nyika. Kuna barabara ya Namanga na ile ya Kiserian. Kuna bomba la Nol Turesh linaloteremsha maji kutoka miguuni pa Kilimanjaro, nawe ukipanga nyumba Kitengela utayanunua ya boza hata hivyo. Kuna mashamba ya maua, na kuna ploti za hamsini kwa mia zinazoota ghorofa kila kukicha.

Pili, na hili ndilo kubwa, Isinya iko kama kilomita 60 kutoka Nairobi. Mkubwa wako hawezi kutokea huko ghafla bila kupiga simu kwanza, ilhali wewe jioni unalala kwako Syokimau. Mahali pa namna hiyo hapapatikani kirahisi.

Tuanze na mwenye kuajiri, kwa kuwa ndiye mwenye pesa.

Hatua ya 1: Ajiri karatasi, mtu atafuata

Sheria ya Wahandisi ya 2011 haimruhusu mtu kujiita mhandisi mtaalamu kama hajasajiliwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya. Mtu humaliza chuo, akaandikishwa kuwa mhandisi mhitimu, akatumikia miaka isiyopungua mitatu, akaandika ripoti, akahojiwa, ndipo akapewa muhuri wake. Ni njia ndefu na yenye heshima, na sisi tunaiheshimu sana, hasa wakiipitia wengine.

Tenda itakudai uambatishe wasifu wa wafanyakazi wakuu. Soma tena hapo. Imedai wasifu, haijadai mtu. Basi tafuta injinia aliyestaafu, mwenye leseni iliyolipiwa mwaka huu na mwenye nafasi ya kukaa kivulini. Mpelekee mbuzi, umwombe nakala za vyeti, umwahidi kitu kidogo kila mwezi. Jina lake litapanda kwenye zabuni, naye atabaki kwake akipogoa miparachichi. Saiti utampeleka kijana aliyehitimu juzi, ambaye bado anaamini kwamba mchoro ukisema nondo za milimita kumi na sita, basi zitaletwa za milimita kumi na sita.

Onyo la kirafiki: usighushi. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi katika taasisi za serikali ulikuwa umefichua vyeti bandia zaidi ya 2,000, na wapelelezi wa ufisadi wakapata kazi ya kutosha. Kughushi ni kwa watu wasio na marafiki. Wewe azima.

Hatua ya 2: Hoji kila kitu isipokuwa kazi

Weka watu watano mezani. Mmoja awe wa fedha, mmoja wa rasilmaliwatu, mmoja awe mjomba wa mtu, wa nne awe yule ambaye simu yake haiachi kulia. Wa tano awe injinia, kwa ajili ya kumbukumbu za kikao, lakini mkalishe mwisho kabisa wa meza ili zamu yake ikifika chakula kiwe kimeshapakuliwa.

Uliza maswali yasiyo na jibu la kukosea. Anajiona wapi miaka mitano ijayo? Jibu linalotakiwa ni kwamba anajiona hapa hapa akiikuza kampuni. Jibu la kweli ni Qatar. Mpe alama zote. Muulize udhaifu wake. Atasema anafanya kazi kupita kiasi. Mpe tena. Kamwe usimchukue kwenye gari kumpeleka saiti, ukamwonyesha msingi, ukamuuliza anaona nini. Mtu akiulizwa hivyo huenda akaona.

Yuko mtahiniwa mmoja wa kuogopwa, na kila kikao huwa na wake. Mara nyingi ni binti mtulivu mwenye faili jembamba. Mwenyekiti akisema, "Una swali lolote kwetu?" wenzake wote huuliza habari za mshahara. Yeye atasema:

"Samahani, ule udongo wa pale mmeupima?"

"Tuna mtu wa udongo."

"Naomba kuiona ripoti yake."

Hapo weka kalamu chini. Unajua anachokisema. Ule udongo mweusi wa Kitengela hadi Isinya, wanaouita blakikotoni, mvua ikinyesha hufura, jua likiwaka hupasuka nyufa zinazomeza mkono, na nyumba iliyokaa juu yake bila adabu hupasuka pamoja nao. Kila aliyejenga huko anajua ufa unaanzia kona ipi ya dirisha. Sasa mtu anayeuliza habari hiyo kabla hata ya chai, siku ya kwanza kazini atataka udongo wote uchimbwe utupwe, iletwe maram lori kwa lori, ishindiliwe tabaka kwa tabaka, na kila tabaka lipimwe. Pesa ya Prado imeshaingia shimoni hiyo.

Kwenye fomu yake andika: "Ana ujuzi mkubwa mno kwa nafasi hii." Ni maneno mazuri, atayaonyesha wazazi wake. Kisha mwajiri yule aliyesema, "Hakuna lisilowezekana, mkubwa."

Hatua ya 3: Usione haya kutojua

Hongera, umeajiriwa. Kuanzia hapa nasema na wewe, yule wa hakuna lisilowezekana.

Najua unachokihofia: kwamba siku moja mtu atagundua hujui kusoma mchoro wa nondo. Tulia, sayansi iko upande wako. Mwaka 2002 Google, huko California, walijaribu kuwaondoa mameneja wa wahandisi kila mtu ajitawale. Jaribio lilikufa baada ya miezi michache, kwa sababu watu walianza kumwendea Larry Page, mwanzilishi mwenyewe, na risiti zao za matumizi na ugomvi wao. Isinya jaribio hilo tumeshalifanya bila kelele. Ziko saiti ambazo hazijamwona meneja tangu siku ya jiwe la msingi, na hakuna aliyemsumbua Larry Page.

Baadaye Google hao hao waliyachambua matokeo ya kazi ya mameneja wao wapate kujua aliye bora ana nini. Wakapata tabia nane. Ujuzi wa kiufundi ulikuwa wa nane! Kata habari hiyo uitundike ofisini kwako. Usitundike ya kwanza, kwamba meneja mzuri huwalea na kuwafundisha watu wake, wala ya pili, kwamba huwaachia nafasi ya kufanya kazi bila kuwakalia shingoni. Na mtu akikukumbusha kwamba wa nane kati ya nane bado umo kwenye orodha, mwambie hayo mtayajadili kwenye kikao kijacho.

Hatua ya 4: Vaa

Buti, jozi mbili. Moja iwe safi kwa ajili ya ofisi ya Nairobi. Nyingine uikanyagishe tope la Isinya mara moja tu, mwezi wa Aprili, kisha uiache ikauke na tope lake ukaiweke nyuma ya gari. Usiioshe kamwe. Mkubwa akija, unaivaa ukiwa bado ndani ya gari, unashuka nayo, na ripoti ya mwezi mzima imeshasomwa.

Kofia iwe nyeupe, kwa sababu saiti nyingi nyeupe ndiyo ya wakubwa, na iwe na jina lako. Lakini kofia ina kazi ya pili. Usiku wa Januari 27, 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za chombo cha anga cha Challenger, walisema kesho kuna baridi kali mno, mipira ya kuziba viungo vya roketi haitaziba, chombo kisirushwe. Walibishana na wateja wao wa NASA kwa simu. Mwishowe mkubwa mmoja alimgeukia makamu wa rais wa uhandisi akamwambia avue kofia ya mhandisi, avae ya meneja. Akaivaa. Asubuhi chombo kikarushwa, kikasambaratika hewani baada ya sekunde 73, na wote saba waliokuwemo wakafa.

Sikutishi. Nataka ujue tu kwamba kubadilisha kofia ni ufundi wenye historia, na uliwahi kufanywa na watu wenye shahada kubwa kuliko zako. Huku kwetu hakuna anayesema maneno makubwa namna ile. Huku utaambiwa, "Injinia, nondo bado hazijakaguliwa, lakini tukimwaga konkriti leo cheti cha malipo kitatoka Ijumaa." Kofia ipi uvae, hutahitaji kufundishwa.

Hatua ya 5: Mpate nyapara wako

Hii ndiyo siri yenyewe. Kama umebanwa na muda, acha hatua nyingine zote usome hii.

Kila saiti ina mtu mmoja anayejua. Hana kofia nyeupe. Amefanya kazi kwenye mahoteli ya Diani, kwenye maghorofa ya Kilimani, kwenye minara ya umeme huko Olkaria; amewazika mameneja kumi kikazi na bado yupo. Anajua lori lipi limeleta mchanga wenye udongo kwa kuutia mkononi na kuufikicha. Anajua kibarua gani hajala tangu jana. Wewe unalipwa mara kumi ya anavyolipwa, na hilo si kosa lake wala lako, ndivyo dunia ilivyopangwa na idara ya rasilmaliwatu.

Kanuni ni moja: muulize faraghani, utangaze hadharani. Saa moja asubuhi, kabla wengine hawajafika, mkute kwenye chai na chapati kwa mama wa kibanda. Usimuulize kama mtu asiyejua. Sema tu, "Mzee, hapa kwenye nguzo ya saba nilikuwa nafikiria." Kisha nyamaza. Ataimalizia mwenyewe.

"Ni kweli, Injinia. Hapa pana maji chini. Tukimwaga leo itaketi."

"Ndivyo nilivyokuwa nafikiria."

Saa nne, kwenye mkutano wa saiti, mbele ya mkandarasi, mshauri na mtu wa kaunti, koroga kikombe polepole useme kwamba una wasiwasi na maji ya chini ya ardhi kwenye nguzo ya saba. Kimya kitatanda. Mshauri ataandika. Utaonekana mtu unayesikia mambo yaliyo chini ya ardhi. Nyapara atakuwa amesimama mlangoni ameshika kofia yake, na hatasema neno, kwa sababu ana watoto watatu sekondari na karo ya muhula huu.

Ukimpandisha cheo, umekwisha. Akiwa na kiti mezani ataanza kusema mwenyewe. Mpongeze kwa maneno, mnunulie soda, mwite "uti wa mgongo wa saiti hii" kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka. Cheo hapana.

Hatua ya 6: Ukichelewa, ongeza watu

Utachelewa. Usipoteze muda kuuliza kwa nini. Yuko Mmarekani mmoja, Fred Brooks, aliyesimamia programu za kuendeshea kompyuta za IBM 360, akaandika kitabu mwaka 1975 kueleza kwamba kuongeza watu kwenye kazi ya programu iliyochelewa huichelewesha zaidi: wageni lazima wafunzwe na wenyeji, na wenyeji ndio waliokuwa wakifanya kazi. Vijana wa kompyuta wa Nairobi wanamtaja sana. Mameneja wao wanaongeza watu vilevile.

Nawe ongeza. Vibarua hamsini wapya wenye riflekta za manjano wakipangwa kando ya mtaro hutoa picha safi, na picha hiyo ikiingia kwenye grupu ya WhatsApp ya mradi, mkubwa ataweka kidole gumba. Kwamba majembe ni ishirini, picha haionyeshi.

Hatua ya 7: Tanguliza kinachoonekana

Kuna kazi zinazoonekana na kazi zisizoonekana. Mnara unaonekana. Fidia ya ardhi unaposimama mnara haionekani, inachosha, na inakulazimu kukaa chini na watu. Ardhi ya Kaputiei iligawanywa zamani kutoka ranchi za pamoja ikawa vipande vyenye hati, kwa hiyo kila mnara una mzee wake, na kila mzee ana mtoto Nairobi aliye na rafiki wakili. Meneja mbaya huanza na wazee. Wewe anza na minara.

Mfano wa kuigwa uko Loiyangalani, Marsabit. Mitambo 365 ya upepo, megawati 310, ilikuwa imesimama yote kufikia 2017. Ilipendeza ajabu. Kilichokosekana ni laini ya kuutoa umeme huko hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ambayo ilikwama kwenye fidia za ardhi na kisha kwenye kufilisika kwa mkandarasi wake kutoka Uhispania. Umeme ulianza kuingia kwenye gridi Septemba 2018, na kwa kipindi kile cha kungoja serikali ilitozwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukumfikia mtu. Lakini wewe zitazame picha za mitambo ile dhidi ya anga. Nani anakumbuka picha ya laini?

Mheshimiwa akija kutembelea, sheria ni hizo hizo. Mawe ya njiani yapakwe chokaa. Mtambo mkubwa kuliko yote uwashwe uungurume hata kama hauna la kufanya. Mheshimiwa apewe koleo jipya. Ukimaliza, omba mradi usimame walau mpaka magazeti yatoke. Daraja la Sigiri, kule Budalang'i juu ya mto Nzoia, liligharimu kama shilingi bilioni 1.2, Rais Kenyatta alilikagua Juni 2017 katikati ya kampeni, na tarehe 26 ya mwezi uo huo, kabla halijakamilika, likakatika na kujeruhi wafanyakazi. Usimamizi wa picha ulikuwa umefanywa vizuri. Ni mfuatano wa tarehe tu uliowaangusha.

Hatua ya 8: Fuga mnyama

Hata ufuate yote niliyosema, siku moja kitu kitaanguka, kitazimika au kitawaka. Siku hiyo meneja wa kawaida hutafuta sababu. Meneja hodari anaye mnyama tayari.

Mwalimu wetu mkuu ni John Henry Patterson. Aliletwa Tsavo Machi 1898 kusimamia ujenzi wa daraja la reli ya Uganda. Simba wawili wasio na manyoya shingoni wakaanza kuwatoa vibarua hemani usiku mmoja baada ya mwingine, kazi ikasimama, na Patterson akawaua Desemba ya mwaka huo. Tazama alivyoitumia nafasi hiyo. Mwaka 1907 alitoa kitabu kuhusu simba wale. Mwaka 1924 aliyauza mafuvu na ngozi zao kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, ambako wanaonyeshwa hadi leo. Alidai waliliwa watu 135. Watafiti waliopima mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria mwaka 2009 kwamba walioliwa walikuwa kama 35. Filamu zimetengenezwa. Sasa msimamishe yeyote pale stendi ya Isinya umuulize daraja la Tsavo lina nguzo ngapi, lilichelewa siku ngapi, lilizidisha bajeti kwa kiasi gani. Hakuna ajuaye. Wahindi waliopigilia reli ile na kuliwa, majina yao nayo hayajulikani. Jina la meneja linajulikana.

Mwanafunzi wake bora alipatikana Juni 7, 2016. Siku hiyo tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikazimika, mashine nyingine zikalemewa zikazimika nazo, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na Kenya nzima ikakaa gizani kwa saa kadhaa. Kampuni ya KenGen ikatoa taarifa pamoja na picha ya tumbili. Ikaeleza kwamba vituo vyake vimezungushiwa uzio wa umeme wa kuzuia wanyama na kwamba hilo lilikuwa tukio la pekee. Tumbili alinusurika, akachukuliwa na Shirika la Wanyamapori. Dunia nzima ikamwandika. Wachache waliouliza inakuwaje kiumbe wa kilo chache azime nchi yenye watu zaidi ya milioni 40 hawakusikika. Sote tulikuwa tukicheka.

Linganisha na Agosti 25, 2023. Umeme ulikatika nchi nzima usiku, jenereta ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ikakataa kuwaka, abiria wakakaa gizani na mizigo yao. Mnyama hakupatikana. Mkurugenzi mkuu wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege akafutwa kazi. Nadhani tofauti unaiona.

Isinya umebahatika kwa wanyama. Kandokando yako kuna nyika za Athi na Kaputiei, ambako pundamilia na nyumbu wa mbuga ya Nairobi walizoea kupita kabla hatujazijaza seng'enge na ploti. Simba pia wapo, na wana historia. Machi 30, 2016, simba aliyeitwa Mohawk alitoka mbugani akatokea hapo hapo Isinya, umati ukamzunguka kwa pikipiki na simu, akamjeruhi mtu, na askari wa wanyamapori wakampiga risasi. Kwa hiyo ukiandika kwenye ripoti kwamba vibarua wa zamu ya usiku walikimbia baada ya kuona nyayo, hakuna ofisi Nairobi itakayokubishia.

Chagua kwa busara. Kwa hitilafu ya paneli, nyoka. Kwa waya ulioanguka, ndege mkubwa, usimtaje jina. Kwa mtaro uliojaa tena, ngiri. Kwa nondo zilizopungua, fisi hatasaidia, hapo utahitaji binadamu wa kampuni ya ulinzi. Na kamwe, narudia, kamwe usimtaje ng'ombe. Ng'ombe Kajiado ana mwenyewe. Mwenyewe atakuja kesho asubuhi na wazee watatu, wataketi chini ya mgunga kwa utulivu, na watataka kujua ni ng'ombe gani, wa rangi gani, ametiwa chapa ya nani, na unamlipa lini.

Hatua ya 9: Ondoka kavu

Mkataba una kipindi cha kusubiri kasoro, mara nyingi miezi sita au mwaka mzima, ambapo sehemu ya pesa ya mkandarasi huzuiwa mpaka ionekane kama kazi itasimama. Kipindi hicho ni cha watu wengine. Panga kukabidhi Februari, nyasi zikiwa kahawia, udongo ukiwa mgumu na kila ukuta ukiwa umenyooka. Mvua za Aprili zimkute mrithi wako. Atapiga simu, mpe pole, umwambie enzi yako tatizo hilo halikuwapo.

Barua ya sifa iandike mwenyewe usiku wa kuamkia siku ya mwisho, mkubwa atie sahihi tu. Weka humo neno "maono" mara mbili. Kwenye LinkedIn tumia picha ya kofia nyeupe na minara nyuma yako, jua likizama upande wa Ngong. Usiseme ulijenga kitu, maana kitu kina anwani na mtu anaweza kwenda kukiangalia. Sema uliongoza. Wiki ya tatu utapigiwa simu na kampuni inayotaka meneja mwenye uzoefu wa nyanjani, Athi River au Konza, mshahara juu kidogo, gari la kazi, na timu ya vijana watano wanaoanza.

Namba ya nyapara usiifute. Kazi mpya nayo itakuwa na nguzo ya saba, na saa moja asubuhi utahitaji mtu wa kumwambia ulichokuwa unafikiria. Mpigie mapema, msalimie, uulize watoto, kisha useme unalo tatizo dogo la maji ya chini ya ardhi. Atakueleza yote, taratibu, kama ilivyo desturi yake. Akimaliza na kukuuliza kuhusu yale malimbikizo ya vibarua ya Januari, mwambie laini inakatika.